Kidevu Kwenye Tovuti ya Mabega

Foleni ya benki ilikuwa haisogei, na binti wa gauni la njano aliyesimama nyuma ya kijana mmoja alikuwa anaupiga picha mgongo wake.

"Kaka, usigeuke. Nalitaka shati, si wewe."

"Shati likiondoka, mimi nabaki na nani?"

Wakacheka mpaka zamu yao ikapita. Binti alikuwa mchoraji wa mapambo ya nyuma ya kurasa za tovuti: kipande kidogo cha majani, mistari au nyuzi za kitambaa, kinachojirudia hadi kijaze skrini nzima, na ukitafuta maungio huyaoni. Kijana alikuwa fundi wa tovuti, mnunuzi wa vipande hivyo kila wiki. Kazi ikawaunganisha, mapenzi wakajiongezea wenyewe.

Mwezi wa nane binti akamchorea fundi majani yenye mkunjo kama wa kovu lililo kidevuni mwake, ya tovuti yake binafsi. "Haya hayauzwi, mpenzi. Ni yako peke yako." Fundi akayahifadhi papo hapo, anatabasamu kama mwenye simu mpya.

Jumamosi wivu ukampeleka unakowapeleka wengi, kumchungulia mwanamume wa zamani wa mpenzi wake. Huyu alikuwa mwalimu wa mazoezi, watu humwita Mabega, na aliwahi kumposa mchoraji akakataliwa. Tovuti yake fundi aliitengeneza mwenyewe, kabla hajaijua habari hiyo. Akaifungua. Mabega kifua wazi, na nyuma yake majani. Na kovu.

Akampigia Mabega, akamporomoshea maneno, kisha akampigia mpenzi wake.

"Umempa majani yangu."

"Nimempa nani?"

"Mwenye mabega yake."

"Kumbe unanichunguza."

"Nauliza tu, mama."

"Huulizi. Umeshahukumu." Akakata, na hakupokea tena.

Siku tano fundi alikunywa chai iliyopoa. Ya sita mteja wake mmoja, daktari wa meno, akapiga, akitaka kujua kwa nini kurasa zake zimeota majani. Akafuata muuza majeneza, yeye aliyapenda. Fundi akafungua kompyuta, akaelewa. Kurasa za wateja wake wote huchota pambo kutoka faili moja, naye, kwa furaha ya siku ile, aliyahifadhi majani kwa jina la faili hilo hilo. Wateja kumi na saba walikuwa wamevaa kidevu chake.

Alikwenda mbio. Mlango wa chumba cha kazi ulifunguliwa na dada mkubwa wa mchoraji.

"Karibu, shemeji mpelelezi."

Akaungama yote, hata la muuza majeneza. Dada akaangua kicheko; mchoraji akaendelea kuchora, macho kwenye karatasi.

"Mabega ulimwambiaje?" mchoraji akauliza.

"Nilimwita mwizi wa wanawake."

"Mpigie. Weka spika."

Akapiga, akaomba radhi kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge bila maji. Mabega alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza ni nani aliyemsimamia na fimbo.

Fundi akamtazama mchoraji. "Mchumba wangu," akasema. Neno hilo hakuwa amepewa na mtu. Akasubiri asahihishwe.

Mchoraji akaweka kalamu chini, akaisogelea simu.

"Mchumba wake anakusalimia," akasema. "Na hayo majani usiyazoee. Leo yanatoka."