Picha ya Tina

Asubuhi hiyo Philomène alikuwa akiosha sombe, majani ya muhogo, uani. Mgeni wake, Michelle, alichuchumaa mbele ya jiko la mbabula akipepea makaa. Moshi ulimwingia machoni, akakohoa, akacheka.

Michelle alikuwa msichana wa Kibelgiji. Alikuja Likasi, mji wa kusini mwa Kongo, kujitolea katika kituo kimoja cha watoto, mtaani Kikula. Pale watoto hucheza na kusoma baada ya shule, wakati wazazi wako kazini. Familia ya Philomène ilikubali kumpa chumba. Germain, mume wa Philomène, anavunja mawe katika machimbo ya Kakontwe. Binti yao, Tina, ana miaka minane, naye huenda kituoni kila siku.

Mambo mengi yalimshangaza Michelle. Alishangaa kwamba mtu hapiti mlango wa jirani bila kusalimu. Akajifunza kusalimu. Akajifunza kula bukari, yaani ugali, kwa mkono wa kuume. Kiswahili chake alikitoa kitabuni, na watoto walimcheka.

"Mimi nina njaa," alisema.

"Sema hivi: minye niko na njala," Tina alimsahihisha.

Jambo moja tu lilimsumbua Philomène. Michelle alipiga picha kila mahali. Aliwapiga picha watoto wakila, wakilia, hata wakioga. Philomène hakupenda, lakini aliona haya kumkataza mgeni.

Mchana wa siku hiyo Tina alirudi kabla ya saa ya kutoka shuleni. Mwalimu wake, Mamie, alikuwa amemshika mkono kwa nguvu.

"Mama Tina, tuingie mu nyumba," alisema Mamie.

"Kuko nini? Mutoto eko mugonjwa?"

"Apana. Mwanaume mumoja alikuja ku shule. Alimuita Tina kwa jina yake. Akamuambia: 'Muzungu wenu amenituma. Kuya, kuko zawadi inakungojea.'"

"Mwanaume gani?"

"Simujue. Na Tina hamujue. Nilimuuliza jina ya baba ya mutoto. Akacheka. Akasema: 'Baba gani? Huyu ni orphelin, baba na mama walikufa, hana muntu.' Nikaita walimu wengine, naye akakimbia."

Philomène alimvuta Tina kifuani akambana mpaka mtoto akalalamika.

"Alijua jina yake namna gani?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Mamie alitoa simu yake. "Alikuwa anaangalia picha mu telefone. Nimeitafuta ku internet, nimeiona. Angalia."

Ilikuwa picha ya Tina. Alivaa gauni lake kuukuu la kazi za nyumbani. Uso wake ulikuwa mweupe kwa unga, kwa maana siku ile alitoka kusaga mahindi. Chini yake paliandikwa kwa Kifaransa, na Mamie akasoma polepole: "Huyu ni Tina. Ni yatima. Baba na mama yake walikufa. Uso wake umejaa vumbi la mgodi. Analala na njaa." Kisha likafuata jina la shule yake.

Philomène hakulia. Alibaki ameitazama simu, mdomo wazi, kama mtu aliyesomewa habari ya kifo chake mwenyewe.

Michelle alipofika kutoka kituoni, alimkuta amesimama mlangoni.

"Michelle, minye nilikufa lini?"

"Mama?"

"Nilikufa lini? Na Germain, alikufa lini? Kila asubuhi unakunywa chai na sisi. Unakunywa chai na wafu?"

Alimwonyesha picha kwenye simu ya Mamie. Michelle aliisoma, akaisoma tena. Alipoelezwa habari ya yule mwanaume, aliketi chini sakafuni.

"Sikuandika hivi," alisema. "Niliwatumia watu wa chama chetu cha misaada kule nyumbani. Niliandika: rafiki yangu Tina, na jina la shule. Basi. Neno yatima ni lao."

"Lakini picha ni yako," alisema Philomène.

Sauti zilimleta jirani yao, Élisabeth. Yeye ni assistante sociale, kazi yake ni kulinda watoto na kusaidia familia. Alisikiliza yote, kisha akamgeukia Michelle.

"Huko kwenu, unaweza kuingia shule yoyote na kupiga picha watoto wa watu?"

"Hapana," alisema Michelle. "Ni marufuku bila ruhusa ya wazazi."

"Sasa kwa nini ulifikiri hapa ni tofauti?"

Michelle aliinamisha kichwa. "Kila mtu alicheka tu. Nikadhani wanakubali."

"Kwetu mtu anaweza kumchekea mgeni na moyoni amekataa," alisema Élisabeth. "Ndiyo maana lazima uulize. Umuulize mzazi, umuulize na mtoto. Useme picha inakwenda wapi. Usipige picha mtoto akioga au akilia. Jina, shule na nyumba yake usiviandike kamwe, maana mtu mbaya anavitumia kumpata mtoto."

Kisha akamtazama Philomène. "Na weye, mama, sema. Kukataa si kumtukana mgeni. Mtoto ni wako."

"Niliona haya," alisema Philomène.

"Na weye Tina, muntu akisema ametumwa na mama ao na muzungu, utafanya nini?"

"Siende naye. Ninakimbilia mwalimu."

"Vizuri sana."

Michelle alipiga simu kwao pale pale, mbele ya wote. Sauti yake ilikuwa kali. Picha ikaondolewa siku hiyo hiyo. "Lakini watu wengine wanaweza kuwa wameihifadhi," Élisabeth aliwaonya. Germain aliporudi, walikwenda pamoja polisi kutoa habari. Yule mwanaume hajajulikana mpaka leo. Kwa muda mrefu Philomène alimpeleka Tina shuleni mwenyewe na kumngoja mlangoni.

Alphonse, mkubwa wa kituo, aliwaita wazazi wote. Michelle alisimama mbele yao akaomba msamaha kwa Kiswahili, akikosea maneno. Safari hii hakuna aliyecheka. Wazazi walikubaliana: mgeni yeyote afundishwe kwanza desturi za hapa na namna ya kulinda watoto, na picha zisipigwe bila ruhusa. Wengine walisema waziwazi kwamba hawataki picha kabisa, na Alphonse akakubali.

Majuma machache baadaye watoto walifanya sikukuu kituoni. Waliimba, wakacheza ngoma. Philomène aliruhusu apigwe picha pamoja na binti yake. Michelle akapiga magoti mbele ya Tina.

"Mama amekubali. Na weye, unataka?"

Tina alifikiri kidogo.

"Apana."

Michelle aliirudisha simu mfukoni. Tina akamshika mkono, akamvuta katikati ya ngoma.