Kufuli Tatu za Rusimbi

Sanduku la kikundi cha akiba cha Rusimbi lilikuwa na kufuli tatu, zote nzima. Ndani kulikuwa na simu ya kikundi, imefungwa kwa kitambaa cheupe. Akiba ya wanawake kumi na wanane, milioni moja na laki nne, haikuwemo tena kwenye simu hiyo.

"Nani alifungua?" aliuliza Mkaguzi Hamdani.

"Hakuna, afande," alijibu Honorata, mwenyekiti. "Funguo ziko kwangu, kwa Révérienne na kwa mama Agnesi. Tunafungua Jumapili tu, baada ya misa."

"Namba ya siri anaijua nani?"

"Sote."

"Wote kumi na wanane?"

"Imeandikwa kwenye mfuniko, tusisahau."

Hamdani alifumba macho.

Révérienne alikuwa amesimama mlangoni, hataki kukaa. Mama yake mzazi alikuwa amevuka kutoka Burundi mwezi huo wa Mei 2015, yuko ufukweni Kagunga, mpakani, anaharisha. Boti ya kwenda huko inaondoka saa nane. Nauli ilikuwa kwenye akiba ile.

"Muulizeni huyo," alisema Agnesi. "Ndiye mwenye haraka."

"Mana yanje! Mungu wangu, mimi?" alisema Révérienne.

Hamdani aliwasha simu. "Haina mtandao."

"Tangu jana Jumapili tulipofungua, afande," alisema Honorata. "Nimepanda nayo mlima mzima. Mwisho nikawapigia huduma kwa wateja kwa simu yangu, wakasema salio sifuri."

"Mama, simu yangu inashika vizuri hapa hapa!" alisema Hamdani. " Hela haikai ndani ya simu. Mmefungia ganda tupu. Mtu amekwenda kuchukua laini mpya ya namba hii. Imesajiliwa kwa jina la nani?"

Wakatazamana. "Siku ya kusajili, mwenye kadi ya mpiga kura alikuwa mama Agnesi peke yake," alisema Honorata taratibu.

Hamdani akapiga namba ya kikundi. Ikaita kiunoni mwa Agnesi, ndani ya fundo la kitenge.

"Hela iko wapi?"

"Nimenunua mabati. Yako uani." Sauti ikampanda. "Miaka mitatu jina langu linabeba hela ya watu! Naomba mkopo, mvua inaninyeshea kitandani, mnaniambia sina mdhamini. Mimi!"

Honorata aliinamisha kichwa.

"Ungeniambia," alisema Révérienne. "Ningekudhamini."

"Wewe mkimbizi? Nani angekukubali?"

"Mabati yarudi dukani sasa hivi!" alisema Honorata.

"Hayarudi," alisema Hamdani. "Ni kielelezo cha kesi, pamoja na hela yoyote iliyobaki, mpaka mahakamani."

Révérienne akatazama saa ya ukutani. Saa saba na nusu.

Agnesi akafungua fundo la kitenge, akatoa noti mbili za elfu kumi. "Chenji ya mabati," alisema, bila kumtazama mtu. "Mpeni nauli."

Hamdani alizitazama noti, akamtazama Révérienne, akashusha pumzi. Kisha akaandika kwenye daftari lake: Fedha taslimu, hakuna.

"Unangoja nini?" alimfokea Révérienne. "Chukua, kimbia!"