Matundu Yasiyo na Weusi

Kila asubuhi, kabla hata ya chai, Mwashi alikwenda kuisalimia betri yake.

Aliingia chumba cha kushonea akipiga miayo. Aliinama chini ya meza ya kukatia nguo. Hapo ndipo betri ya sola ilipokaa. Aliipangusa kwa kipande cha kitambaa, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uso.

"Umeamkaje, mpenzi?" aliiuliza betri.

"Na mimi je?" mke wake alisema kutoka mlangoni. "Nimeamka salama, bwana. Asante kwa kuuliza."

Mwashi alicheka. Kisha, kwa kuwa alikuwa mume mwema, aliifuta na meza vumbi ili mke wake aanze kazi. Akaenda zake kujenga nyumba za watu.

Mke wake alikuwa fundi cherehani. Mtaa mzima ulimwita Fundi. Waliishi na mdogo wake Mwashi, binti aliyekuja kujifunza kushona. Binti huyo alifua nguo za nyumbani na kupiga pasi nguo za wateja. Walimpa jina la Redio, kwa sababu akianza kuzungumza hakuna wa kumzima. Alizungumza akifua. Alizungumza akipiga pasi. Hata akiwa peke yake, mazungumzo yaliendelea.

Zamani Fundi alikanyaga cherehani kwa miguu mpaka magoti yanamuuma. Jua likizama, kazi inalala. Sola ilipokuja, mambo yalibadilika. Cherehani iliwekewa mota ndogo. Taa nyeupe iliwaka juu ya meza. Fundi alishona upesi, na mishono yake ilinyooka. Pasi tu ndiyo ilibaki ile ile ya mkaa, maana pasi ya umeme hula umeme mwingi, na sola yao ilikuwa ndogo. Redio aliitumia mle mle chumbani, na dirisha lilifungwa ili vumbi lisichafue vitambaa.

Halafu mwalimu mkuu wa shule ya jirani akaleta kazi. Alitaka mashati ya sare, ya pamba, ya darasa zima.

"Ukinishonea vizuri haya," alisema, "madarasa mengine pia ni yako."

Fundi alifurahi kupita kiasi. Alikata, akashona, Redio akapiga pasi. Mashati yaliondoka yakiwa yamenyooka na kupendeza.

Baada ya muda si mrefu, mama mmoja alirudi na shati mkononi.

"Fundi, hiki ni nini?"

Fundi aliliinua shati. Mgongoni kulikuwa na matundu. Mengine madogo kama punje ya mchele, mengine makubwa ya kupitisha kidole.

"Mama, hili liliondoka hapa zima. Nililikagua mwenyewe."

"Lilikuja kwangu zima. Nimelifua mara moja tu. Nimelianika, nikaona mwanga unapita!"

Fundi alishika kichwa. Aliwaza, akapata jibu. Panya! Jioni ile akatega mtego. Mtego haukukamata kitu. Panya wa nyumba ile, kama walikuwapo, hawakuwa na shida na nguo.

Shati la pili likarudi. Halafu la tatu.

"Ni nondo," alisema Fundi. "Wale wadudu wanaokula nguo." Akanunua vidonge vya kufukuzia nondo, akavitia kila kona. Chumba kikanuka. Lakini hata kabla ya vidonge, chumba kile kilikuwa na harufu yake, kali, ya kuwasha koo. Kila mtu aliyekaa mle alikohoa kidogo. Fundi alidhani ni rangi ya vitambaa vipya.

Redio alifua gauni la Fundi mwenyewe. Alipolikamua, akabaki na matundu mkononi. Alifua suruali ya kaka yake. Mapaja yote mawili yakatoboka kama chujio.

"Wifi, njoo uone!" alipiga kelele. "Suruali ilikuwa nzima nilipoiloweka!"

"Unatumia sabuni gani?"

"Ile ile ya siku zote!"

Ajabu ni kwamba blauzi ya nailoni iliyofuliwa kwenye beseni hilo hilo ilitoka salama. Sasa sabuni gani hiyo inayochagua? Fundi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajiuliza kama amerogwa, kama ameuziwa pamba iliyooza, au kama akili yake ndiyo imeanza kutoboka.

Mwalimu mkuu alipokuja, hakuja na shati moja. Alikuja na mfuko.

"Fundi, nakuheshimu," alisema. "Lakini wazazi wananijia juu. Kama hujui chanzo, siwezi kukupa kazi tena."

Wateja wengine wawili walikuwapo. Mmoja aliangalia pasi ya mkaa iliyokuwa mkononi mwa Redio.

"Si cheche hizo?" alisema. "Binti anazungumza huku anapiga pasi. Cheche zinaruka, yeye haoni."

Kila mtu aligeuka kumtazama Redio. Mwashi naye alikuwa amerudi kutoka kazini. Alikuwa amechoka, na alitaka jambo hili liishe.

"Ni kweli," alisema kwa sauti kubwa. "Huyu dada yangu ni mzembe. Mdomo wake unafanya kazi kuliko macho yake."

"Kaka, cheche huacha weusi pembeni," Redio alisema. "Tazama. Matundu haya hayana weusi. Nguo haikuungua."

"Nyamaza! Kesho utarudi kwa mama."

Redio alinyamaza. Aliweka pasi chini, akaingia ndani kufunga mizigo yake. Nyumba ile haikuwahi kuwa kimya kiasi kile. Fundi alitaka kumtetea wifi yake, lakini angesema nini? Hakuwa na jibu lingine.

Kesho yake asubuhi, Redio alikuwa amekaa barazani na begi lake. Kaka yake alikuwa ndani na betri. Ghafla sauti ilisikika tangu barabarani.

"Fundi! Fundi weee! Toka nje kabla sijaingia!"

Alikuwa Mama Chaji. Mama huyu alifanya kazi kwenye gereji, akichaji betri za magari ya watu kwa miaka mingi. Hasira zake zilijulikana mtaa mzima. Mkononi alikuwa amekunja gauni lake jipya la pamba.

"Shikamoo, mama," alisema Fundi kwa woga.

"Marahaba, na ushike na hili! Nimelifua, nikalivaa, nimefika mbele za watu nikaambiwa mgongo uko wazi! Mimi, na umri huu, nitembee na mgongo..."

Alipitisha kidole kwenye tundu ili kuonyesha. Hapo akasahau hasira. Aligeuza tundu huku na huku. Alilivuta kidogo kwa kucha, uzi ukakatika kama unga. Kisha akainua pindo la sketi yake ya kazini. Nayo ilikuwa na matundu yale yale.

"Nani katika nyumba hii anashika betri?" aliuliza taratibu.

"Mimi!" Mwashi aliitika kutoka ndani, akatoka mbio na kitambaa chake mkononi. Alidhani atasifiwa. "Njoo uione, mama. Hakuna betri inayotunzwa mtaa huu kama yangu."

Mama Chaji aliingia. Aliona betri chini ya meza. Aliona dirisha lililofungwa. Aliona na pasi ya mkaa, ambayo Fundi alikuwa ameanza kuiwasha mwenyewe. Akaruka.

"Toeni moto huo nje! Sasa hivi! Fungueni dirisha!"

Fundi alibeba pasi mbio mpaka uani. Mwashi alisukuma dirisha. Hakuna aliyeelewa kitu.

"Betri ya aina hii ikichajiwa hutoa hewa," alisema Mama Chaji. "Huioni. Ikijaa kwenye chumba kilichofungwa, cheche moja tu inatosha kulipua. Mmekaa na bomu, mnaliamkia asubuhi! Haya, niambie, unaitunzaje?"

"Naitia maji ya betri," alisema Mwashi, kifua mbele. "Najaza mpaka juu kabisa."

"Aliyekufungia sola hakukuonyesha alama ya mwisho wa maji?"

"Alinionyesha. Lakini mama, mimi ni mwashi. Zege ukilinyima maji linapasuka. Ukilimwagia kila siku linakuwa imara. Nikaona betri nayo ni vivyo hivyo. Kwa nini niibanie?"

Mama Chaji alijishika kiuno. Alitaka kukasirika, akajikuta anacheka.

"Baba, hili si zege. Ndani yake mna asidi. Ni maji makali, yanakula. Betri ikichajiwa, maji yale hupanda. Kama umejaza mpaka juu, yatapita wapi? Yanatoka kwenye vifuniko, yanatambaa juu ya betri. Wewe unaona vumbi lenye unyevu. Unafanya nini?"

"Napangusa."

"Kwa hicho kitambaa?"

"Ndiyo."

"Halafu?"

Mwashi alitazama kitambaa. Alitazama meza. Sauti yake ikawa ndogo.

"Halafu nafuta meza. Ili mke wangu akate nguo mahali safi."

"Na mikono?"

Mwashi aliinamia suruali yake. Kila siku mikono aliifutia kwenye mapaja.

"Lakini nguo hutoka hapa nzima!" Fundi alisema. "Mbona matundu huja baadaye?"

"Asidi hula uzi polepole. Uzi unakufa, lakini unabaki pale pale, huwezi kujua. Ukifua na kusugua, ndipo unadondoka. Pamba huliwa upesi sana. Nailoni huvumilia. Una magadi jikoni?"

Fundi alileta magadi. Mama Chaji aliyakoroga kwenye maji, akanyunyiza juu ya meza. Kwanza kimya. Halafu meza ikaanza kuchemka povu, hapa na pale, chwii, bila moto. Fundi alirudi nyuma.

"Kila penye povu pana asidi," alisema Mama Chaji. "Si panya. Si nondo. Wala si cheche."

Redio alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia yote.

Mwashi alimgeukia. Uso wake ulikuwa umemwiva kwa aibu.

"Dada yangu," alianza. "Nimekukosea. Nisamehe. Rudisha begi ndani."

"Sirudishi."

"Mbona nimekuomba msamaha?"

"Umeniomba hapa, sisi wenyewe," alisema Redio, machozi yakimlenga. "Kuniita mzembe, uliniita mbele ya mwalimu mkuu na wateja. Wameshasambaza. Leo asubuhi dukani wamenicheka. Nitajifunza ushonaji kwa nani, kama kila mtu anajua naharibu nguo? Umenichafua mbele ya watu. Nisafishe mbele ya watu."

Mama Chaji alitikisa kichwa kukubali.

Siku ile Mwashi hakwenda kazini. Alibeba mashati yaliyotoboka, akaenda shuleni, dada yake akifuata nyuma. Alisimama mbele ya mwalimu mkuu na walimu wengine, akaeleza yote, hata habari ya zege. Walimu walicheka mpaka wakafuta machozi. Alivumilia. Kisha alikwenda kwa kila mteja aliyerudisha nguo, na jioni Redio akarudisha begi ndani. Fundi aliahidi kushona upya nguo zote, na mwalimu mkuu alikubali kusubiri.

Fundi wa sola aliitwa. Yeye ndiye aliyefungua nyaya na kuhamisha betri. Waliiweka kwenye kijumba kidogo nje, chenye kivuli na matundu ya kupitisha hewa, ndani ya beseni la plastiki, mlango ukafungwa kwa kufuli. Meza iliondolewa ubao wa juu, ikawekwa mpya. Pasi ya mkaa ikahamia uani.

Mama Chaji alirudi kumfundisha Redio kuitunza betri.

"Vaa glavu na miwani. Maji ni ya betri tu, si ya bomba, na mwisho ni kwenye alama. Yaongeze betri ikishajaa chaji, si kabla. Ila ukikuta vibamba vya ndani vimetokeza juu ya maji, weka kidogo vifunikwe, ndipo uchaji. Magadi ni ya kufutia nje, yasiingie ndani hata tone. Kitambaa chake kisitoke humu kijumbani."

"Na asidi ikinirukia?"

"Maji mengi, papo hapo. Ikiingia jichoni, endelea kuosha kwa maji mengi kwa muda mrefu, kisha hospitali. Usingoje uone kama itauma."

"Na kaka akitaka kuipangusa?"

"Mpige kofi mkononi."

Mashati mapya yalikwenda shuleni. Yakafuliwa, yakaanikwa, yakafuliwa tena. Hakuna lililorudi. Kikohozi nacho kiliisha chumbani. Mwalimu mkuu alileta vipimo vya darasa la pili, na safari hii Fundi alimwachia Redio akate mashati mwenyewe. Redio alikata akisimulia habari za mtaa mzima.

Siku moja akaja mteja mgeni, mwanamke aliyevaa vizuri, na kitambaa cha pamba kwapani. Alisita mlangoni. Mwashi alikuwa barazani anakunywa chai.

"Samahani, kaka," alinong'ona. "Nasikia hapa kuna binti anaharibu nguo za watu. Bado yupo?"

Ndani, Redio alikatiza maneno katikati. Mkasi wake ukatulia.

Mwashi aliweka kikombe chini, akasimama. Alisema kwa sauti ile ile kubwa aliyoitumia siku ile, jirani wa pili akasikia.

"Aliyeharibu nguo za watu ni mimi, mama. Dada yangu ndiye aliyesema kweli tangu mwanzo, na mimi nikamnyamazisha. Ingia. Mpe yeye kitambaa chako."