Mchumba wa Kwenye Faili

Saa moja kasoro dakika tatu asubuhi, wafanyakazi walikuwa wamebanana kwenye geti la yadi ya makontena, na mashine ya mahudhurio ilikuwa imekikataa kidole cha karani mpya. Alijaribu mara tatu. Nyuma yake watu walianza kuguna.

"Kaka, kisugue kwenye suruali," alisema mwanamke aliyemfuata. "Vidole vya ofisini havina alama. Karatasi zimezilamba zote."

Karani aligeuka. Aliona ovaroli ya bluu iliyopauka kwa kufuliwa, buti zenye grisi, na kitambaa cha zambarau kikichungulia chini ya kofia ngumu ya njano.

"Na chako kinasomeka?"

"Hata kikiwa na grisi." Alikibonyeza, mashine ikaitika. "Saa nne tazama juu. Ukiona kontena linaning'inia usawa wa dirisha lako, ujue ni salamu."

Alikuwa mwendesha winchi, ile mashine ya kuinulia makontena, mwanamke pekee aliyewahi kukabidhiwa ngazi yake ndefu. Wenzake walimwita Winchi, naye akaliitikia jina. Mwezi wa pili, kila mapumziko ya mchana, simu ya karani iliita kutoka kule juu.

"Umekula, laazizi?" karani aliuliza.

"Nakula. Hilo shati la pinki umemvalia nani?"

"Mtu mmoja anayeogopwa na makontena."

"Basi mbona umelipiga pasi mbele tu? Huku juu naona mgongo wote."

Ya ndoa hawakuwa wameyasema. Yalining'inia tu, kama mzigo unaongoja ishara ya kushushwa.

Ikafika wiki ya kuhuisha fomu za wafanyakazi, kazi ya karani kila mwaka. Alipofungua faili la Winchi, kwenye mstari wa mtu wa karibu karani alijiandika yeye mwenyewe. Uhusiano: mchumba. Ndoa mwaka huu. Akacheka peke yake, akapanga kumwonyesha jioni. Kabla ya jioni, meneja aliyabeba mafaili yote.

Jumatatu iliyofuata Winchi alikuta mwanamume mwenye mafunzo ya wiki mbili amekalia kiti chake. Yeye alipewa ufagio wa stoo.

"Kule juu kunataka mtu wa kudumu," meneja alisema, akitazama kalenda.

Yadi hiyo ilikuwa na mazoea yake. Miaka tisa nyuma, mwanamke aliyekagua lakiri zinazofungia makontena aliondolewa akiwa na mimba ya miezi minne, kisha akaambiwa athibitishe kwamba mimba ndiyo sababu. Angethibitisha kwa kipi, na ushahidi umefungiwa kabatini kwa aliyemfukuza? Watu mia mbili walitazama viatu vyao. Sasa sheria ilikuwa imegeuzwa: mfanyakazi akionyesha dalili ya kubaguliwa, mwajiri ndiye ajieleze, na nakala ya faili ni haki ya mwenye faili. Lakini lalamiko lifike ofisi ya kazi ndani ya siku sitini tangu tukio. Nyumba kubwa, mlango mwembamba.

Winchi aliomba faili lake mara mbili. Mara mbili alijibiwa kwa barua: halionekani. Barua ya pili ilifika siku ya hamsini na saba, na kama ile ya kwanza, saini ilikuwa ya karani. Alimpigia simu.

"Halionekani?"

"Meneja kaniamuru niseme hivyo."

"Nakuuliza wewe. Lipo?"

"Lipo."

"Lina nini?"

"Mama, tulia kwanza..."

"Usiniite mama. Lina nini?"

"Niliandika mimi ni mchumba wako, ndoa mwaka huu. Nilitaka tucheke. Meneja kaandika pembeni kwa wino mwekundu: anaolewa, atazaa, ashushwe."

Winchi alivuta pumzi. "Kwa hiyo umeniposa kwa meneja kabla hujaniposa mimi."

Akakata. Siku ya hamsini na nane hakupokea simu ya karani. Ya hamsini na tisa, vivyo hivyo.

Siku ya sitini alikaa mbele ya dirisha la ofisi ya kazi, kwenye gauni la kijani la dada yake lililombana mabega. Dirisha hufungwa saa tisa. Ilikuwa saa nane na nusu.

"Mwanangu, watasema wamepanga kazi upya," alisema ofisa, mama mwenye miwani ya kamba. "Karatasi yoyote huna?"

"Wameikalia wao."

"Nitapokea hivyohivyo. Ila unakwenda vitani na kijiko."

Mlango ulisukumwa. Karani aliingia anahema, shati la pinki limemganda mgongoni.

"Nakala ya faili, kwa maombi ya mwenyewe," alimwambia ofisa, hathubutu kumtazama Winchi. "Nimeigonga muhuri na kusaini."

"Watakufukuza," alisema Winchi.

"Sheria inasema shahidi hafukuzwi."

"Sheria inasema mengi."

"Najua. Hata hivyo nimeileta."

Ofisa alisoma wino mwekundu, akavua miwani, akaivaa tena. Kisha akasukuma fomu. "Shahidi, jaza. Zimebaki dakika kumi na moja."

Karani aliandika jina, kazi, anwani. Kwenye mstari wa uhusiano na mlalamikaji, kalamu ilisimama.

"Hapa niandike nini?"

"Mara ya kwanza hukuuliza."

"Ndiyo maana nauliza. Utakalosema ndilo nitakaloandika. Hata ukisema hakuna."

"Jamani," alisema ofisa, "mapenzi hayana saa. Dirisha langu linayo."

Winchi aliitazama ile karatasi. Akimkubali, meneja atacheka: si nilisema? Akimkataa ili arudishwe juu, basi wino mwekundu utakuwa umemchagulia maisha. Alimpokonya karani kalamu na kuandika mwenyewe, herufi kubwa: MCHUMBA. Akaongeza chini yake: na winchi nitapanda.

Ofisa alisoma. "Hiyo sentensi ya pili haina nafasi yake kwenye fomu."

"Iache hapohapo, mama."

Saa tisa kasoro dakika nne, muhuri ukashuka.