Vidole vya Mawese

Kila Jumamosi Biasha alimsaidia mama yake kujaza mawese kwenye chupa katika soko la Rumonge. Kazi ikiisha, alijifuta mikono kwenye kitenge, kisha mbio hadi karakana ya kupaka vyuma rangi ya shangazi yake Hadija. Mtoto yule kwa maswali! Ukimjibu moja, anakuletea matatu.

Jumamosi moja fundi Pontiani alikuwa ameosha fremu ya baiskeli ya mteja wa Minago na kuitundika ikauke.

"Amahoro, fundi! Imekauka kweli?" Biasha alisalimu na kuuliza. Pontiani alikuwa amegeuka kuchukua rangi. Biasha hakungoja jibu, akaishika fremu. Ilikuwa kavu.

Pontiani akapuliza rangi ya buluu ya unga mkavu, laini kama wa muhogo. Ikang'ang'ania chuma.

"Mbona haianguki?"

"Umeme unaishikilia, lakini kwa muda tu. Ukiigusa sasa, inatoka. Kazi inamalizwa na furu." Alimaanisha tanuri kubwa lililokuwa pembeni. "Humo unga unayeyuka, unashikana, unakuwa mgumu."

"Nifungue kidogo nichungulie?"

"Weee! Joto likitoka, rangi haiivi sawasawa."

Biasha akangoja huku akihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Fremu ilipotoka na kupoa, iling'aa vizuri sana, isipokuwa kwenye bomba la juu. Hapo palikuwa na vishimo vinne, na chuma kilionekana.

Shangazi Hadija alipoviona akaja juu. "Pontiani, hukuosha! Juzi uliniharibia lango, leo fremu. Jumatatu usije."

"Dada Hadija, haki ya Mungu niliosha."

"Basi vishimo vimetoka wapi?"

Pontiani alianza kuvua aproni yake polepole, na macho yake yalikuwa mekundu.

Biasha alivitazama vishimo vile. Vilikuwa vimepangana. Akasogeza vidole vyake karibu, vikalingana navyo. Akanusa vidole vyake: mawese! Hakuna aliyemwona. Angenyamaza, nani angejua? Lakini Pontiani alikuwa tayari mlangoni.

"Shangazi, ni mimi! Niliishika fremu kabla haijapakwa rangi."

"Usimtetee fundi. Mikono yako si umeifuta?"

"Nimeifuta, sijaiosha. Labda mafuta yamezuia rangi kushika. Tujaribu!"

Pontiani akarudi, akasafisha kipande cha bati. Biasha akakigusa upande mmoja tu. Kikapakwa rangi, kikaingia kwenye furu. Safari hii hata shangazi alisimama karibu akingoja. Kilipotoka, upande mmoja ulikuwa laini, na ule aliougusa Biasha ulikuwa na vishimo.

"Loo!" shangazi alisema. Akamgeukia Pontiani. "Fundi, nimekukosea. Nisamehe. Jumatatu njoo kazini."

"Murakoze, dada," Pontiani alishukuru, akafunga aproni yake upya.

Kisha shangazi akamshika Biasha bega. "Kupenda kujua ni jambo jema, usiache. Ila kazi ya mtu usiiguse kabla hujamwuliza. Na leo umesema kweli wakati ungeweza kunyamaza. Ungenyamaza, ningemfukuza mtu asiye na kosa, na wala nisingejua. Sasa chukua msasa, tuikwangue fremu hii tuanze upya."

Biasha aliunyoshea mkono ule msasa, kisha akaurudisha haraka.

"Ngoja, shangazi," alisema. "Sabuni iko wapi?"