Visigino vya Kapteni

Siku za soko, nyumba ya mzee Asukile ilijaa watu tangu alfajiri. Wengine walileta viazi, wengine kabichi. Wengine hawakuleta kitu ila habari za majirani. Wote walimfuata Kapteni.

Kapteni alikuwa farasi. Asukile alimtunza miaka mingi kwenye shamba la Mzungu mmoja. Mzungu aliporudi kwao, alimwachia. Sasa Kapteni alivuta gari la mzigo kutoka mlimani mpaka soko la Mbeya. Farasi mwingine hakuwapo pale. Watoto walimgusa pua, wakakimbia wakipiga kelele.

Lakini mwaka ule wa 1956, Kapteni alianza kujikwaa. Kwenye mteremko alisita. Akisimama, alitanguliza mguu mmoja wa mbele, kisha mwingine, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto.

"Ni bega," alisema Asukile. Akamsugua mafuta begani asubuhi na jioni. Farasi hakupata nafuu.

"Amezeeka huyo, baba," alisema jirani yake Saulo. "Mwombe yule Mzungu wa kahawa ampige risasi, asiteseke."

"Risasi? Kapteni?"

"Sasa utavuta wewe hilo gari?"

Watu walicheka. Asukile hakucheka. "Nitamwita fundi wa farasi," alisema. "Fundi akishindwa, basi. Ataletwa mwenye bunduki."

Tusekile, mke wa mwanawe Lutengano, aliyasikia hayo akiwa nyuma ya ukuta wa jiko. Kwa Wanyakyusa, mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni, wala hasemi naye. Basi kila Asukile alipopita na farasi, Tusekile aliinama akatazama chini. Hakuna aliyeijua miguu ya Kapteni kama yeye. Aliona kwamba farasi anatua kwa ncha ya kwato kwanza. Kisigino kinafuata polepole, kwa woga.

Alimwambia mumewe. Lutengano akacheka. "Baba ameishi na farasi kabla sijazaliwa. Nikamfundishe mimi?"

Fundi alikuwa Alawi, mtu mwenye asili ya pwani aliyekaa Iringa. Alishuka kwenye basi na mfuko wa vyuma na habari za mji mzima. Kabla ya kumaliza chai, alishawaambia nani ameoa na nani amekimbiwa.

Asukile alimwonyesha bega. Alawi akalibonyeza. Farasi alitulia tu.

"Mzee Asukile, mimi hapa sioni ugonjwa," alisema Alawi, akikuna kichwa.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya jiko. "Wewe Kapteni! Kwa nini husemi? Waambie unakanyaga kwa ncha! Waambie visigino vinakuuma!"

Asukile alitazama ardhi.

"Nani huyo?" aliuliza Alawi.

"Mkwe wangu. Hasemi na mimi," alijibu Asukile. Akafikiri kidogo. "Lakini anasema na farasi."

"Basi farasi wako ana wakili! Lutengano, mtembeze."

Alawi alichuchumaa. Asukile akachuchumaa. Nyumba nzima ikachuchumaa, hata Saulo na tumbo lake. Kapteni alipita mbele yao. Ncha kwanza. Kisigino baadaye.

"Mungu wangu," alisema Asukile taratibu. "Miaka yote hii nimetazama mgongo."

Alawi aliinua mguu. Akaubana ukwato kwa koleo, sehemu ya nyuma. Kapteni akanyakua mguu wake.

"Hapo! Tazameni. Ncha imekuwa ndefu, kisigino kimelala chini. Na kiatu chake cha chuma kimeishia kabla ya kisigino. Ni kama kulala kwenye kitanda kifupi, miguu ikining'inia."

"Nilimwambia mhunzi wa hapa akifupishe," alisema Asukile. "Mguu wa nyuma usije ukakikanyaga kikang'oka."

"Ndiyo hivyo. Anakwepa kisigino, anapiga hatua fupi, na wewe unadhani bega."

Alawi akatandaza viatu vya chuma. Asukile akachukua kilicho kinene kuliko vyote.

"Hiki kina nguvu!"

"Kina uzito, mzee. Utamchosha bure. Hiki kingine kimeinuliwa nyuma. Kinapunguza maumivu haraka, lakini kikikaa muda mrefu kinaweza kuponda kisigino. Huyu anatembea wapi?"

"Barabara ngumu. Mteremko."

"Basi hiki." Kilikuwa cha mviringo kama yai, kimeunganishwa nyuma. "Kinabeba kisigino chote. Kwenye tope kinaweza kung'oka, kwa hiyo masika usimpitishe bondeni."

Kwanza alifupisha ncha ya kwato. Kisha akalinganisha kiatu na mguu, akakigonga, akakilinganisha tena. Alipopigilia misumari, wanawake walifumba macho.

"Hasikii," alisema Alawi. "Msumari unapita kwenye sehemu ngumu, kama ukucha wako. Lakini apumzike kwanza. Kisha mzigo mdogo, njia tambarare. Kila wiki sita kwato zikatwe, viatu vifungwe upya. Akiendelea kuchechemea, mwite daktari wa mifugo."

Asukile alifuata yote. Gari lilikaa uani, viazi vikabebwa kichwani, na Saulo akalalamika njia nzima.

Wiki zilipita. Siku moja mchana Asukile alimshusha Kapteni kwenye mteremko. Watu walitoka kutazama. Farasi hakusita. Kisigino kilitua kwanza, kisha ncha, hatua ndefu, laini kama maji. Saulo alivua kofia.

Waliporudi, Kapteni alisimama uani, miguu yote miwili ya mbele imekaa sawa chini yake. Akafumba macho. Midomo ikalegea. Alikuwa amelala, amesimama, katikati ya nyumba iliyojaa watu.

"Shii!" alinong'ona mzee Asukile. Na wote wakashusha sauti.