Kikombe cha Yule wa Chini

Kulipokucha, kikombe kilikuwa bado kimejaa.

Ottilie Weidner alisimama kwenye ngazi ya ghala la chini, taa mkononi, akakitazama pale juu ya jiwe. Ilikuwa bia halisi ya kwanza tangu marufuku ya pombe iondolewe. Povu lilikuwa limekwisha, na vumbi limetanda juu. Yeye alikuwa binti wa fundi mapipa, amekulia humu humu katika kiwanda cha bia, na zamani hapakuwa na asubuhi kikombe kile kilipokutwa na hata tone. Kilikuwa cha Yule wa Chini, jini wa ghala, ambaye mababu wa mumewe walitoka naye Ujerumani. Alipewa chake kabla ya mtu yeyote kuonja, naye aliilinda bia isichachuke. Katika milima ile ya Pennsylvania, Marekani, hakuna aliyeona ajabu.

"Labda hana kiu," alisema mumewe, Wendelin, akacheka. Kisha akainama kwenye ndoo ya maji, akanywa, akanywa tena, mpaka Ottilie akamshika bega.

"Umekula chumvi wewe?"

"Koo tu, Tilie. Limekauka."

Koo lile halikulowana tena. Kufikia majira ya kupukutika majani, midomo ya Wendelin ilikuwa imepasuka na ngozi ya mikono inabanduka kama ganda la kitunguu. Alikunywa ndooni, alikunywa kwenye hori la farasi bila haya. Nyumbani bintiye mdogo, Lorchen, ambaye kumaliza maziwa yake ilikuwa mpaka abembelezwe, alimtazama baba yake kwa mshangao.

Na bia, kama kwa kinaya, ilitoka tamu ajabu. Wachimba makaa waliofukuzwa migodini walikuwa wamepata kazi kwa Weidner, na bonde zima lilikula kwa mgongo wa kiwanda kile.

Mchana mmoja, mashine ziliposimama kwa chakula, Ottilie akasikia kutoka ghalani mtu anakunywa, gudu, gudu, polepole, kama asiye na haraka. Akashuka. Harufu ya jiwe bichi na kitu kilichovunda ilimpanda puani, taa ikafifia, na kadiri alivyosogea ndivyo ile sauti ilivyozidi kuwa karibu, mpaka akamwona Wendelin amelala ameegemea pipa, kinywa wazi, kikombe kimejaa vilevile juu ya jiwe, na hapo akatambua kwamba mlio haukutoka kwenye kikombe wala kwenye pipa bali shingoni pa mumewe, ambapo hapakuonekana mtu.

Alimburuta hadi juu. Siku hiyo hiyo akamleta Bibi Salome Hoch, mganga wa bonde lile.

Bibi Salome alinusa kikombe. "Miaka ile ya marufuku, mlimpa nini?"

"Baba mkwe alimwekea ile iliyoruhusiwa," Ottilie alinong'ona. "Bia isiyolewesha. Hakukosa siku."

"Na baba mkwe wako alikufaje?"

Ottilie akamtazama mumewe. Mzee Ferdinand alikufa akiomba maji.

"Mlimfundisha kuishi bila bia, mwanangu, akajifunza kunywa maji ya miilini mwenu. Leo mnamrudishia bia, aifanyie nini?"

"Tumtoeje, bibi?"

"Zimeni moto. Mwageni bia yote. Pindua kikombe, umwambie hapa si kwake tena. Na asiwekewe kitu maisha, hata kidogo."

"Bora nife," alisema Wendelin kwa sauti iliyokwaruza. "Wale wachimba makaa wana watoto, Tilie."

"Na mimi nina nani, Wendelin? Niambie, nina nani?"

Ottilie akachukua nyundo mwenyewe, akang'oa kizibo cha pipa la kwanza, na la pili, na yaliyofuata, bia ikifurika mpaka magotini na kutiririka kijitoni, huku wafanyakazi wamevua kofia kama msibani na mmoja wao akimtukania mama yake mzazi, naye Ottilie analia na kupiga, anapiga na kulia. Mwisho akakipindua kikombe, akasema maneno aliyoambiwa. Baridi ikampita ubavuni, ikapanda ngazi.

Uani, Wendelin alikunywa nusu kata ya maji, akairudisha. "Inatosha," alisema. Ottilie akaketi chini palepale.

Basi kiwanda kikafa, hata Krismasi ya pili hakikuiona. Kanisani wanawake walimhama kwenye benchi. Iliuma, lakini Wendelin alikuwa amerudiwa na nyama mwilini, na hilo lilimtosha.

Asubuhi moja ya masika Ottilie alifungua mlango wa jikoni. Kwenye kizingiti, kile kikombe. Kimejaa maji, na vumbi limetanda juu.

"Ni maji tu," alisema Wendelin kutoka mezani, akiona aibu. "Amekaa nasi tangu enzi za babu, Tilie. Nilimwonea huruma. Kosa lilikuwa letu."

"Umeanza lini?"

"Jumapili."

Ottilie aligeuka taratibu. Kwenye kona, Lorchen alikuwa amepiga magoti mbele ya ndoo, uso wote ndani. Aliinua kichwa, midomo imepasuka.

"Mama," alisema, "yamekwisha."